Kiti Kilichosafiri Vipande Vipande

Samani za kujiungia nyumbani zina historia ndefu. Mwaka 1859, huko Vienna, fundi Mjerumani Michael Thonet alitoa kiti namba 14: vipande 6 vya mti uliopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 visivyoungwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikaja kuungwa vilikofika. Hivyo gharama ya kuvisafirisha ilipungua, na bei yake ikashuka. Karibu miaka 100 baadaye, IKEA ya Uswidi ikamwachia mnunuzi mwenyewe kazi ya kuunga. Basi unafuu huo una siri yake: sehemu ya jasho la fundi imehamia mikononi mwetu. Anayekaza skrubu kwa uvumilivu hujifunza kuiheshimu mikono ya seremala.