Bundi wa Itombwe anaitwa Prigogine

Bandugu, milimani kwetu kuna bundi ambaye kwa miaka 45 wataalamu walimjua kwa ngozi moja tu, na ngozi yenyewe iko Tervuren, Ubelgiji.

Alikamatwa Muusi, ndani ya Itombwe, mwaka 1951, wakati Bukavu ingali ikiitwa Costermansville. Mwaka 1952 Henri Schouteden, aliyewahi kuongoza makumbusho ya Tervuren, akamwandika: Phodilus prigoginei. Ile i ya mwisho ni Kilatini, maana yake "wa Prigogine".

Wenye kusoma kemia watamfikiria Ilya, wa Nobel ya 1977. Hapana, ni kaka yake Alexandre, mtu wa madini aliyefanya kazi Kamituga na kukusanya ndege wa Kivu miaka mingi. Kwa desturi mtaalamu hajipi jina mwenyewe, anapewa na mwenzake. Sisemi alipewa bure, kazi aliifanya kabisa. Lakini alikuwa na wawindaji wenyeji waliomletea ndege, na hao hawamo katika jina.

Mwaka 1996 bundi wa pili akanaswa kwenye wavu, hai, Itombwe hiyohiyo. Makala ya 1997 iliyotangaza habari hiyo ina waandishi wanne: Butynski, Agenonga, Ndera na Hart. Safari hii majina ya huku yako juu ya karatasi. Jina la ndege halikuguswa. Hata vitabu vinavyomweka leo katika kundi la Tyto vinaandika Tyto prigoginei, maana kanuni zinalinda jina la kwanza. Mji wetu uliweza kumvua Costermans, bundi hana njia hiyo.

Kuna wenye bahati mbaya zaidi. Mauritius ilikuwa na bundi wake, akaisha. Mwaka 1893, kwa mifupa tu, akapewa jina la Théodore Sauzier, ambaye uchimbaji wake ndio uliotoa mifupa hiyo. Pale hakuna tena wa kumsikia akilia usiku.

Wetu bado yuko, tunatumaini. Itombwe ni hifadhi tangu 2006, ingawa miti inakatwa na watu wanachimba dhahabu. Kwa hiyo ninyi wa biolojia, mkipanda huko kwa ajili ya mémoire, muwaulize wazee wa vijiji: huyu bundi wao wanamwitaje? Mwandike jibu kabla ya kushuka.