Ulimi hauumi, lakini unasema: kwa madereva wetu wa Malaba na Busia

Hivi karibuni nilikuwa Malaba, nikanywa chai na dereva mmoja wa kwetu Mombasa aliyekuwa akingoja karatasi zake avuke Uganda. Chai ikamuunguza. Alipoutoa ulimi kunionyesha, niliona doa jeupe ubavuni.

"Lina miezi sita hilo, kaka," akasema. "Haliniumi. Sasa niende hospitali kufanya nini?"

Jawabu hilo ndilo lililoniandikisha makala haya. Mimi si daktari, lakini haya ni mambo ambayo daktari wa meno yeyote atakwambia. Unahitaji kioo na mwangaza tu.

Ulimi wenye afya ni wa rangi ya waridi, una unyevu na vinundu vidogo juu yake. Utando mwembamba mweupe asubuhi si ugonjwa; usugue utoke.

Utando mweupe mzito unaofutika na kuacha wekundu: mara nyingi ni fangasi. Huwapata watoto wachanga, wenye ugonjwa wa sukari, waliotumia antibayotiki na wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Dawa ipo. Mtu mzima akiupata bila sababu ijulikanayo, apimwe sukari na virusi. Kupimwa si aibu.

Doa jeupe lisilofutika: hili ndilo la ndugu yetu. Huhusishwa sana na tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna. Mengi hayaleti balaa, ila mengine hugeuka saratani, na kwa macho matupu huwezi kuyatenga. Daktari hukata kipande kidogo kikapimwe. Doa jekundu lisilopona ni la kuogopwa zaidi.

Ulimi mweusi kama ulioota manyoya: sigara, chai nyingi na kutosafisha kinywa. Hutisha, lakini haudhuru.

Ulimi mwekundu uliolainika, au uliopauka: huenda mwili umepungukiwa na madini ya chuma au vitamini B12. Kapime damu.

Madoa kama ramani yanayohamahama: hayana neno.

Ulimi mkavu: kwa madereva wetu, muguka, miraa na uchache wa maji. Mate ndiyo mlinzi wa meno. Yakipungua, kisha ukaongeza bigijii na soda, meno huoza.

Kanuni ya kushika ni moja: kidonda, doa au uvimbe ukipita wiki 2 bila kupona, nenda ukaonwe. Usingoje maumivu, kwani saratani ya ulimi mwanzoni huweza kuwa kimya kabisa. Hupenda kuanzia ubavuni, basi angalia pande zote mbili na chini yake.

Safari ya Mombasa hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 900, na foleni ya malori si ya dakika tano. Tumia muda huo. Busia kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Aliye Malaba, Kocholia iko karibu. Lori mwachie taniboi.

Sisi Waislamu tuna mswaki, na Mtume (SAW) alikuwa akiupitisha hadi ulimini. Ukipiga mswaki kabla ya swala, jitazame pia.

Dereva yule aliniahidi kuwa atapita hospitali akirudi. Kila nikimpigia simu, hilo ndilo swali langu la kwanza.