Shanga za Uasin Gishu na Chuma cha Mbinguni

Kabla mji wa Eldoret haujakuwepo, nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wamaasai wa Uasin Gishu, na pambo lililosifiwa lilikuwa la chuma. Kwa Wamaasai mhunzi alitengwa: mkuki wake walitaka, binti yake hawakumwoa. Walipovunjwa nguvu na kupoteza mifugo katika karne ya 19, baadhi ya wahunzi wao walihamia kwa Wanandi, na mwandishi A. C. Hollis aliwataja katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi.

Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilileta nyaya za chuma na shaba, pamoja na shanga za kioo kutoka Venice. Biashara hii ilitaka ujuzi, maana kila kabila lilikuwa na rangi yake, na fasheni ilibadilika. Msafara uliokosea rangi ulibaki na mzigo wake. Baadaye walikuja Makaburu mwaka 1908, posta ikafunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, jina la Eldoret likatolewa mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Dukani shanga zikawa za Bohemia. Hata leo bangili ya rangi za bendera anayovaa mkimbiaji imetungwa kwa mkono wa Kenya, lakini kwa kioo kilichosafiri kutoka Ulaya au China.

Kwa kipimo cha historia, haya ni mambo ya juzi. Shanga za chuma za zamani kuliko zote zinazojulikana zilichimbuliwa mwaka 1911 huko Gerzeh, Misri, ndani ya makaburi ya miaka ipatayo 5,200 iliyopita, binadamu hajajua kuyeyusha chuma. Fundi alichukua kipande cha kimondo, akakiponda mpaka kikawa bati jembamba, kisha akakiviringisha kuwa kijibomba. Ziko tisa tu, na zilikuwa zimetungwa pamoja na dhahabu na vito. Zote zimeliwa na kutu. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2013 vilithibitisha asili yake.

Huku kwetu vimondo vilianguka, ila havikuwa vya sonara. Cha Rumuruti, usiku wa tarehe 28 Januari 1934, kilikuwa jiwe. Kimelipa jina kundi zima la vimondo duniani, na kipande kilichohifadhiwa kiko Berlin. Mwaka 1992, ng'ambo ya Mlima Elgon, mawe yalinyesha Mbale. Kijiwe kimoja kiligonga jani la mgomba, kikampata mtoto kichwani bila kumjeruhi.

Ndipo mwaka 2016, karibu na Sericho, kaunti ya Isiolo, ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao walikuta mawe mazito yasiyo ya kawaida. Jumla yake ilikuwa takriban tani 2.8. Hiki ni kimondo cha aina adimu: chuma chenye nikeli kilichoshika punje za olivini, rangi ya asali na zeituni. Kikikatwa vipande vyembamba na kung'arishwa, mwanga hupenya kwenye punje. Wafanyabiashara wa nje walikuja, mawe yakaondoka, na sasa vipande vya Sericho huuzwa Ulaya na Marekani kama vidani.

Kwa hiyo njia imegeuka. Zamani shanga ilipanda kutoka bandarini kuja huku. Kimondo cha Sericho kimeshuka kikiwa ghafi, na thamani inaongezwa kwingine. Nasikitika, maana Eldoret haikosi mikono.

Hata hivyo kazi yenyewe si nyepesi. Ukiitoboa Sericho ili kupitisha uzi, chuma hukubali lakini olivini hupasuka, kwa hiyo mafundi wengi huacha kutoboa na kukizungushia kipande fremu ya fedha. Shanga za mviringo hutokana zaidi na vimondo vya chuma kitupu. Hizo huoshwa kwa asidi ili michirizi yake inayokatizana ionekane, kisha hupakwa mafuta, kwa kuwa jasho la shingo huleta kutu. Mnunuzi asiridhike na sumaku pekee: hata msumari hunasa. Adai kupimiwa nikeli.