Theluji ya Kilimanjaro ndani ya PlayStation

Nimeadimika kidogo, zamu za usiku zimenibana kwelikweli. Leo naomba tuzungumzie gemu. Najua kuna watakaosema nesi mzima, miaka thelathini na ushee, na gemu wapi na wapi. Tulieni, hii inahusu mlima wetu.

Kabla sijahamia Riyadh nilikuwa Jeddah, wodi ya mifupa. Tukampokea kijana kavunjika mguu kwa pikipiki za mchangani. Akaniuliza, "Sista, kwenu wapi?" Nikamjibu Tanzania, kwenye Kilimanjaro. Macho yakamng'aa: "Naujua! Nimeteleza sana pale!" Nikashangaa, pale tunapanda kwa miguu, nani anateleza? Kumbe kateleza sebuleni kwao, kwenye gemu la SSX.

Basi nikaanza kulifuatilia. SSX ni gemu la kuteleza juu ya theluji kwa ubao. Lilitengenezwa na tawi la Kanada la kampuni ya Electronic Arts, yaani EA, likatoka Marekani Oktoba 2000 pamoja na PlayStation 2 yenyewe. Likafuata SSX Tricky mwaka 2001, kisha SSX 3 mwaka 2003. Mchezo wenyewe wa ubao ulikuwa bado mchanga, uliingia Olimpiki mwaka 1998 kule Nagano, Japani. Ni Olimpiki ileile ambayo Mkenya Philip Boit alishindana kwa ski akamaliza wa 92, wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri amkumbatie.

Mtauliza watu wa jangwani walilipendea nini. Jamani, anayejua Jeddah mwezi wa saba hatauliza. Joto linapita nyuzi 40, mchana hutoki. Sinema hakuna, majumba yalifungwa miaka ya 1980 na hayakufunguliwa mpaka Aprili 2018. Kijana anabaki na kiyoyozi, ndugu zake na mashine ya gemu. Hata gemu zenyewe hazikuwa salama sana, maana mwaka 2001 Pokémon ilipigwa marufuku nchini humu. Theluji haikumkera mtu.

Sasa njooni kwenye SSX ya mwaka 2012, ya PlayStation 3 na Xbox 360. Safari hii watengenezaji waliacha milima ya kubuni, wakachukua data za setilaiti za NASA na kuchonga milima ya kweli. Himalaya, Alps, Siberia, Patagonia, Alaska. Na Kilimanjaro, ndiyo. Ila eneo lake limeandikwa "Afrika". New Zealand kapewa jina la nchi yake, sisi tumepewa bara zima! Tumezoea kuambiwa Kilimanjaro uko Kenya, sasa hata hiyo Kenya hakuna.

Halafu kila mlima una hatari yake kubwa. Alaska ni maporomoko ya theluji, Himalaya ni uhaba wa hewa, Siberia barafu. Kilimanjaro ni giza. Unavaa taa kichwani unapita gizani. Wenye gemu watasema ni kwa sababu njia inaingia ndani ya mlima. Sawa, lakini katika yote yanayotisha kwenye Kibo, mita 5,895 juu, baridi ya kuua na hewa ya kuhesabu (waulizeni wapagazi), Afrika tukapewa giza. Ni jina lilelile walilotupa Wazungu wa karne ya 19.

Na katika karne hiyohiyo, Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu akasema una theluji. Msomi wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika, akabisha: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Kiongozi wa msafara wa Rebmann, Bwana Kheri, alikuwa na jina rahisi kwa kile cheupe pale juu: baridi. Nani alikuwa gizani hapo?

Tuje huku Riyadh ninakoishi sasa. Mji huu unanunua gemu za dunia. PIF, mfuko wa uwekezaji wa serikali, ulipata hisa zaidi ya asilimia 5 za Nintendo mwaka 2022. Septemba 2025 ukatangazwa mkataba wa mfuko huo na wenzake wawili kuinunua EA yote kwa dola bilioni 55. Maana yake SSX pia, na ile Kibo ya kuchongwa.

Kibo ya kweli mwaka 1912 ilikuwa na barafu zaidi ya kilomita za mraba 11. Kufikia 2011, mwaka mmoja kabla ya gemu kutoka, zilibaki chini ya 2. Babu yangu alikuwa akiamka asubuhi anatazama juu kabla ya kunawa uso. Mimi nikipiga simu nyumbani huuliza hali ya mlima baada tu ya hali ya mama.

Tangu 2012 EA haijatoa SSX nyingine kubwa. Hao wanunuzi wa Riyadh wakiifufua, ninalo ombi moja tu: waandike Tanzania. Haya, basi la hospitali limeshafika, mbaki salama.