Dainamo ya mjomba na sheria ya Faraday

Wadau, wiki hii umeme na sumaku umenitoa jasho. Testi ya kwanza matokeo yangu nayajua mwenyewe, kudisko naiona hiyooo. Basi jana nikaweka desa pembeni, nikasoma historia kwanza.

Mwaka 1820 Oersted wa Denmark aliona waya wenye umeme unageuza sindano ya dira. Watu wakawaza: basi na sumaku itoe umeme! Wakaweka sumaku karibu na waya, wakasubiri, kimya. Jibu alilipata Michael Faraday kule London mwaka 1831. Sumaku ikitulia huambulii kitu. Iingize na kuitoa kwenye koili, umeme unakuja. Na huyu alikuwa mtoto wa mhunzi, fundi wa kujalidi vitabu, hesabu zilimpiga chenga. Maxwell ndiye aliyekuja kuyageuza mawazo yake kuwa hesabu.

Hapo nikakumbuka baiskeli ya mjomba kule Chiwata. Ukishuka mlima taa inawaka kweli, ukipanda inafifia, ukisimama giza. Kumbe ndani ya dainamo ni sumaku inazunguka kwenye koili tu! Hata jenereta za Mtwara zinazotumia gesi ya Mnazi Bay, sheria ni hiyohiyo.

Kidato cha nne nilikariri fomula, nikafaulu, sikuelewa. Nikienda kufundisha, naanza na baiskeli. Fomula itafuata, kama ilivyomfuata Faraday.

Testi ya pili Ijumaa. Niombeeni.