Ukoo, Mahakama na Muda: Historia ya Wageni Kuasili Watoto, Ikitazamwa kutoka Mwika, Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtaka mgeni anayeomba kumwasili mtoto wa Kitanzania awe ameishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo. Aidha, awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Waombaji wengi huyaona masharti haya kuwa ni urasimu tu. Insha hii inajenga hoja tofauti: kungoja huko kuna historia, na sehemu yake moja inarudia swali ambalo ukoo wa Kichaga uliuliza kabla ya mahakama kuwapo, yaani, je, ni kweli mtoto huyu hana mtu? Hata hivyo, si kila kungoja kunajibu swali hilo. Mwika imechukuliwa kuwa mahali pa kutazamia suala hili kwa sababu huko uhusiano wa mtoto, ukoo na ardhi ungali unaonekana waziwazi.

2.0 Mtoto wa Ukoo

Mwika iko upande wa mashariki wa Uchagani, katika eneo la Vunjo, wilayani Moshi. Leo imegawanyika katika kata za Mwika Kaskazini na Mwika Kusini. Kama kwingineko mlimani, kitovu cha maisha ni kihamba: shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake na, mara nyingi, makaburi ya waliotangulia. Kwa mila, mtoto alihesabiwa katika ukoo wa baba. Mwana wa kwanza wa kiume aligawiwa kihamba chake, naye kitindamimba akabaki na kile cha baba. Baba alipofariki, watoto hawakutafutiwa wazazi wapya. Ndugu wa marehemu alishika usimamizi wao na wa mali yao. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi Moshi ya Kale, aliziandika mila hizo katika kitabu chake cha Kijerumani kuhusu sheria za Wachaga, kilichochapishwa mwaka 1926.

Mfumo huo haufai kupambwa. Kahawa ilipoenea, na Chama cha Ushirika cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933, kihamba kilikuwa kimekwisha kupata thamani ya fedha. Msimamizi wa yatima aliweza kuwa mlezi wake na papo hapo mshindani wake. Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro, ameonyesha jinsi uhaba wa ardhi ulivyochochea migogoro ndani ya koo. Mtoto wa kike naye, kwa mila hiyo, hakutazamiwa kurithi kihamba. Kwa hiyo ukoo ulimpa yatima jina na mahali pa kukaa, lakini haukumhakikishia haki.

3.0 Kuingia kwa Sheria ya Kuasili

Mwaka uleule wa 1926, Uingereza ilitunga sheria yake ya kwanza ya kuasili watoto. Fikra iliyobebwa na sheria ya aina hiyo ilikuwa ngeni mlimani: kwamba amri ya mahakama yaweza kukata uhusiano wa uzazi na kuunda mwingine. Fikra hiyo iliingia Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza na ikabaki baada ya Uhuru katika Sura ya 335 ya sheria za nchi, hadi ilipofutwa na Sheria ya Mtoto.

Kati ya nyakati hizo mbili mambo mawili yalibadilika. La kwanza ni ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Uliacha mayatima katika mikoa mingi, Kilimanjaro ukiwamo, na mzigo mkubwa wa malezi ukawaangukia bibi. La pili ni mikataba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, kisha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Ibara ya 24 ya mkataba huo wa pili inasema kuwa kumpeleka mtoto kuasiliwa nchi nyingine ni njia ya mwisho kabisa. Sheria ya mwaka 2009 imefuata msimamo huo: mgeni hufikiriwa pale tu ambapo mtoto hawezi kupata familia ya kambo au ya kumwasili, wala kutunzwa kwa namna nyingine inayofaa.

4.0 Njia na Muda Wake

Safari ya mwombaji huanzia ustawi wa jamii. Hali ya mtoto na ya mwombaji huchunguzwa. Mtoto huwekwa katika malezi ya kambo. Kisha maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Mgeni huleta pia ushahidi kwamba hana rekodi ya uhalifu, kwamba anafaa kuasili, na kwamba nchi yake itaitambua amri ya mahakama. Amri ikitolewa, huandikwa katika rejista ya watoto walioasiliwa. Hapo huanza kungoja kwingine, kwa pasipoti na kwa viza. Tanzania haijajiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi, na kwa hiyo nchi kama Marekani hulipima kila shauri upya kwa kanuni zake za uhamiaji za mtoto yatima. Mtoto anaweza kuwa mwana halali wa mtu mahakamani, lakini asiweze kusafiri naye.

Kwa mtoto wa Mwika kuna jambo jingine. Amri huhitimisha haki na wajibu wa wazazi waliomzaa. Akipata uraia wa nchi nyingine, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu kuwa na uraia pacha akiwa mtu mzima; na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, haimgawii ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji. Hivyo anayeondoka mlimani akiwa na umri wa miaka miwili huenda akarudi akiwa na thelathini, akaonyeshwa kaburi la babu yake katika kihamba ambacho hawezi kukidai. Uamuzi wenye matokeo ya namna hiyo haupaswi kufanywa kwa haraka.

5.0 Funzo kutoka kwa Majirani

Nchi jirani zinaonyesha hatari mbili zinazopingana. Uganda, kabla ya marekebisho ya mwaka 2016, baadhi ya wageni walitumia amri za ulezi kuwatoa watoto nchini bila kupitia masharti ya kuasili. Marekebisho hayo yakaweka sharti la kuishi nchini mwaka mmoja. Huo ulikuwa udhaifu wa muda mfupi mno. Kwa upande mwingine, Septemba 2013 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini, na watoto waliokwisha kuasiliwa kwa amri za mahakama wakabaki wakingoja, wengine kwa zaidi ya miaka miwili. Kenya ilisimamisha kuasili kwa wageni Novemba 2014, nayo Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Katika mashauri ya Kongo, muda haukuwa tena wa kumchunguza mtu yeyote. Ulipita tu, na aliyeulipia ni mtoto.

6.0 Hitimisho

Historia hii inatudai tutenganishe aina mbili za kungoja. Miaka mitatu ya mgeni kuishi nchini na miezi mitatu ya malezi vina kazi: mwombaji huonekana akiishi, na mtoto huonekana akilelewa. Wakati huohuo ukoo hupata nafasi ya kujitokeza. Bali jalada linalokaa mezani bila kufunguliwa halimlindi mtu. Methali husema subira yavuta heri, lakini humfaa mtu mzima anayejua anachokingoja. Kwa mtoto mchanga mwaka mmoja ni maisha yake yote.

Inafuata kwamba swali la ukoo liulizwe mapema, pale mtoto anapopokelewa katika makao, na si siku shauri linapofika mahakamani. Bibi, shangazi na baba wadogo watafutwe kwanza, na wakipatikana wasaidiwe kulea, kwa kuwa mara nyingi kinachokosekana ni uwezo na si upendo. Kihamba cha mtoto, kama kipo, kiandikwe kabla hajahama. Ukoo usipopatikana baada ya kutafutwa kwa dhati, sheria imekwisha kupata jibu lake, na kuanzia hapo kila siku inayoongezwa bila sababu inachukuliwa kutoka katika utoto wake.