Ule mrija wa Safari Rally

Wadau, mmeshaona picha za magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990? Ule mrija uliopanda pembeni ya kioo cha mbele, huku Sekei wengi tuliamini ni wa kuvukia mito tu. Kumbe na vumbi!

Mashindano yalianza 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Vumbi letu ni msasa: likipenya filta ya hewa linakwangua silinda na ringi za pistoni, injini inakosa nguvu. Huko juu hewa ina nafuu, filta inachelewa kuziba. Mwaka 2021, Naivasha, vumbi lilikuwa laini kama unga. Kalle Rovanperä akakwama humo.

Halafu fundi anakwambia ung'oe filta, pikipiki ichanganye. Jamani!